Bi Shamsia Anatoka Kwenye Grupu

Kwenye kikao cha Jumatatu niliinamisha kichwa mpaka mwenyekiti akadhani nasinzia. Ukiwa bibi harusi wa juzi watu wanakudhania mengi. Nilikuwa nimesikia tarehe ikisomwa: Ijumaa, tarehe 5 Juni, Bi Shamsia Zubery anastaafu, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuhudumia kituo chetu cha wanawake na nyumba zake za hifadhi hapa Rungwe. Wenzangu walipiga makofi. Mimi, ambaye siku hizi nacheka hata nikiwa nafua, nilikosa hata tabasamu la kuazima.

Bi Shamsia ni mzaliwa wa Tukuyu, binti wa fundi cherehani ambaye wazee wake walitokea pwani. Alianzia mapokezi, kwenye meza ninayokalia mimi sasa. Wakati huo mwanamke aliyekimbia kipigo alilala kwenye benchi letu, asubuhi akarudi alikotoka, kwa sababu hapakuwa na pa kumpeleka. Ni yeye aliyezunguka vijijini kwa miguu, kwenye mvua yetu hii isiyojua msimu, akiziomba familia zimpokee mgeni na zisimtaje kwa yeyote. Muislamu na ushungi wake, sebuleni kwa wazee wa kanisa, na wakamkubalia. Inasemekana hakuwahi kuruhusiwa kutoa ombi lake kabla hajamaliza sahani, na sahani za ndizi za huku mnazijua.

Simu janja zilipofika kazi ikawa rahisi, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Tulifungua grupu kwenye ile programu anayotumia kila mtu. Mgeni amefika salama, mgeni anahitaji dawa, basi. Kisha akafariki baba yake Obed, mmoja wa wenyeji wetu, na kwa upendo tu tukawaingiza ndugu zake ili wapokee rambirambi. Msiba ukaisha, wao wakabaki. Ikaja harusi, ikaja kipaimara, mambo yakawa yale yale. Huku kwetu kumtoa mtu kwenye grupu ni sawa na kumfukuza sebuleni mbele ya wageni. Mama Felista wa Matwebe, aliyekuwa admini, alipoombwa awatoe alijibu kwa ujumbe wa sauti ambao ofisi nzima tuliusikiliza tukicheka: "Mimi nimtoe shemeji yake Obed? Jumapili tukikutana kanisani nitamtazama kwa macho gani? Mtoeni nyie wa mjini, nyie hamna aibu." (Obed na Mama Felista wameniruhusu niwataje. Nyumba zao hazipokei wageni tena.)

Hakuna aliyemtoa. Shemeji huyo alikuwa rafiki wa mume wa mama mmoja nitakayemwita Agness, ingawa si jina lake. Mtu akaandika kwenye grupu Agness yuko kwa nani. Kesho yake mume alifika na pikipiki mbili. Majirani walitoka na majembe, lakini Agness alipanda pikipiki mwenyewe, ili wenyeji wake wasiumizwe. Hatujamwona tena.

Bi Shamsia hakumgombeza mtu. Alienda kuomba radhi nyumba kwa nyumba, aliporudi akaanza kutafuta programu nyingine. Utaalamu wa simu hakuwa nao. Herufi alizikuza mpaka neno moja linajaza skrini, na sisi tulikuwa tukisoma ujumbe wake kutoka mlangoni, jambo ambalo alituambia ndilo somo la kwanza la usiri. Kila programu aliiuliza maswali yale yale. Nani ataiona namba yangu? Ujumbe ukishasomwa unabaki wapi? Mtu akininyang'anya simu ataona nini? Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa sura, lakini ilifunga mazungumzo ya watu wawili tu asiyasome mwingine, ya grupu yalikuwa wazi kwa kampuni yenye programu. Ya pili ilifunga yote, ila kila mmoja aliona namba za wenzake. Ya tatu ilificha namba, ikafuta ujumbe baada ya siku moja, na haikufunguka bila namba ya siri. Aliijaribu kwa kututumia habari za mgeni wa uongo. Mke wa Obed akachinja kuku na kutandika kitanda, akasubiri mpaka jioni. Bi Shamsia ilibidi aende kumla kuku yule mwenyewe.

Akaweka sheria. Haingizwi mtu ambaye hajaonana naye uso kwa uso. Misiba na harusi zina grupu zake. Anayeacha kazi anatolewa siku hiyo hiyo, "hata nikiwa mimi."

Kwenye kicheni pati yangu, wakati wenzake wananifundisha mambo ambayo hayaandikwi kwenye jarida hili la kituo, yeye aliniinamia sikioni: "Mwanangu, Hosea mpe moyo wako wote. Ile namba ya siri usimpe." Mimi ninayempa Hosea hata nusu ya chai yangu iliyokwisha kupoa! Lakini nimetii. Mume wangu, Mungu ambariki, hajaniuliza hata siku moja.

Ningependa kuishia hapo, kwenye furaha. Siwezi. Wenyeji wengi wamerudi kwenye programu ya zamani. Wanasema mpya inakula bando, tena haina picha za baraka za Jumapili. Wamefungua grupu lingine, na shemeji wa Obed yumo. Wiki iliyopita niliona humo habari za mgeni mwenye mtoto mchanga, na kata aliyopo imetajwa. Nikaandika nikiomba ifutwe. Mtu mmoja akanijibu kwa ua jekundu, mwingine akaandika, "Bibi harusi tulia, furahia ndoa." Tulimhamisha yule mama siku hiyo hiyo. Kwenye grupu letu salama tumebaki wachache, na siku nyingine ni mimi na Bi Shamsia tu tunaosalimiana.

Uadmini sasa ni wangu, na sioni nitauwezaje. Yeye alikuwa na nguvu ya kumkatalia mtu huku mtu huyo akimjibu "ndaga fijo", asante sana. Nguvu hiyo hakuna aliyekabidhiwa.

Bi Shamsia, kituo kizima kinakushukuru. Tunakuombea usingizi usiokatishwa na simu, magoti yasiyouma kwenye baridi hii, na wajukuu wa kukushughulisha hapo Makandana. Leo saa kumi, keki ikishakatwa, nitakutoa kwenye grupu kama ulivyoagiza. Nitabonyeza mwenyewe. Baada ya hapo sitaweza kukuuliza kitu kuhusu wageni, na maswali ninayo mengi kuliko ninavyokiri ofisini. Nitakuja mimi na Hosea, tutakunywa chai, tutakusimulia ndoa yetu mpaka utuchoke. Hutaniuliza nyumba gani ina mgeni, nami sitakuambia. Utanitazama tu usoni ujue kama wageni bado wako salama. Nitakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Atupele, Mapokezi