Aliyoyasema Mama Yetu Winfrida kwa Kinywa Chake

Baba Mchungaji, ndugu zetu mliotelemka kutoka Old Moshi na mliotoka Mkuu, majirani wa hapa Chekereni, wazee wetu shikamooni, na wote poleni na msiba huu. Kwa niaba ya familia mimi Grace, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimepewa nafasi ya kueleza maisha ya mama yetu, na naomba mnivumilie, kwa sababu nimekuja na huzuni na nimekuja na hasira pia, na sitaificha.

Winfrida Elisaria alizaliwa Old Moshi tarehe 19 Aprili 1961, mtoto wa pili wa marehemu babu Elisaria na marehemu bibi Priska, akafuatiwa na mjomba wetu Eliezeri ambaye yuko hapa mbele. Alianza darasa la kwanza mwaka 1969, na siku moja mwalimu alimsimamisha asome mbele ya wenzake, naye akakwama kwenye neno la kwanza, darasa zima likacheka, mwalimu akamwambia, "Keti mwanangu, tutafika kesho." Kuanzia siku hiyo watoto wakamwita Keti, kisha watu wazima nao wakamwita Keti, na sokoni mtu alikuwa akimwona tu anafungua kinywa anaanza kutabasamu kabla hajasikia kitu. Alihitimu darasa la saba mwaka 1975 akiwa na alama nzuri za kuandika, lakini babu alisema mtoto asiyeweza kujibu swali ataenda sekondari kufanya nini, basi akabaki nyumbani akikata majani ya ng'ombe na kuchuma kahawa. Bibi Priska alinisimulia kwamba alikuwa akimsikia migombani akiongea na ng'ombe maneno marefu, yamenyooka, bila kukwama hata mara moja, ila bibi mwenyewe akisogea, mama ananyamaza.

Bibi hakuwahi kumcheka. Mama alikiri kwangu baadaye kwamba alishazoea kuona kicheko kwenye kila uso wa kule juu Old Moshi, hata kwenye uso usiokuwa nacho, na kwamba hilo lilimuuma mpaka uzeeni.

Mwaka 1981 alipata kazi ya kuchambua kahawa Moshi mjini, huko akafahamiana na baba yetu, Jovin, fundi baiskeli kutoka Rombo, na ndoa yao ilifungwa Mkuu tarehe 8 Juni 1985. Walijaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Wenseslaus. Mwaka 1987 walihamia hapa Chekereni kulima mpunga, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusikia jina la Keti. Jirani wa kwanza kumkaribisha alikuwa mama Rukia huyu mnayemwona, akamuuliza maji ya zamu yao yamefika au bado, na mama akamjibu, akaendelea kujibu, wakasimama kwenye tuta la jaruba mpaka jua likawa kali. Mama alikuwa akisema alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Watu wa hapa walimjua kama mwanamke mwenye maneno mengi na mzaha mwingi, wakamchagua mwenyekiti wa kikundi cha watumiaji maji, na wale waliokuwa wakiiba maji ya wenzao wanajua alivyokuwa anawasema hadharani.

Ndugu zangu wa Old Moshi, naona mnatazamana. Huyo ni Winfrida huyo huyo. Kila Krismasi tulipopanda nyumbani nilikuwa nikimwona mama yangu anapungua njiani, tukifika uani anakwama kwenye salamu, na ninyi mnammalizia maneno. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu, "Nikiona macho yananingojea nikwame, nakwama." Mlifanya hivyo kwa upendo, mnasema. Mimi nasema mlimjua msichana wa darasa la kwanza, mkakataa kumjua mwingine.

Baba yetu alifariki mwaka 2011 akazikwa kwao Mkuu. Mama aliendelea na mashamba hadi Desemba 2024, alipopanda kwa sikukuu akajisikia vibaya, na mjomba Eliezeri akampeleka kwenye zahanati. Daktari aliuliza, "Mama, unaumwa wapi?" Mama akaanza, "Ti... ti..." na mjomba akadakia, "Tumbo, daktari, ana vidonda vya tumbo." Alitaka kusema titi. Lilikuwa na uvimbe. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akazimeza, na nilipomlilia baadaye kwa nini hakusahihisha, alisema, "Mjomba wako alikuwa amesimama pale, na mimi nilikuwa nimeshakuwa yule wa zamani." Aprili alimwonyesha mama Rukia uvimbe huo, tukampeleka hospitali mjini, lakini saratani ilikuwa imeshasambaa. Mama yetu alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Mwezi Julai alituita mimi, Wenseslaus na mama Rukia, akasema, "Mnizike Chekereni. Hapa ndipo nilipoongea." Kwenye kikao cha msiba wazee walisema mke huzikwa kwa mume, na mjomba akaongeza, "Mnajua dada yangu alivyokuwa anasema, huenda alitaka kusema Mkuu." Amekwisha kufa, na bado anamaliziwa! Mama Rukia akasimama akiwa na kanga yake ya msibani, akasema, "Shikamooni wazee. Mimi nilikuwepo. Amesema Chekereni, amesema mara moja, na hakukwama." Mzee wa ukoo wa baba akasema basi na iwe hivyo, ndiyo sababu leo mmetelemka kwenye joto hili ambalo wengine wenu mmelilalamikia tangu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza tangu Aprili, ambao walikuwa wakituomba ndugu tutoke nje ili wamsikilize mwenyewe, tunawashukuru majirani mliopika na kulala hapa na sisi, wanakikundi wa maji, na wachungaji na mapadri waliokuja kumwombea. Mjomba Eliezeri, nashukuru umekuja, na najua unalia kwa kweli. Baada ya mazishi kaa karibu na watu wa hapa, waulize dada yako alikuwa nani, halafu uwasikilize bila kuwakatiza.

Sasa wanakikundi wenzake watambeba, wameomba wasisaidiwe. Mama, pumzika kwa amani katika udongo ulioutaja mwenyewe.