Namba Sita ni wa Colman: Kumkumbuka Bi Dymphna Tuohy

Wasikilizaji wapendwa, matangazo ya vifo yamekwisha. Mmesikia majina, mmesikia na saa za misa. Leo ni Jumatatu ya Pasaka, na hapa Kilbrannock Jumatatu ya Pasaka ni siku ya mbio za farasi. Kwa kawaida sauti inayofuata hapa si yangu. Ni ya Bi Dymphna Tuohy, akiwaambia farasi yupi atashinda, na yupi ni wa kutazamwa tu kwa sababu ana rangi nzuri. Bi Dymphna tulimzika wakati wa Kwaresima. Kwa hiyo leo mtanivumilia. Farasi mtawapata, msiwe na wasiwasi, lakini kwanza tumzungumzie yeye mwenyewe.

Bi Dymphna alikuwa na duka la viatu pale barabara kuu, mkabala na kanisa. Asubuhi farasi, mchana viatu. Kwake ilikuwa kazi moja. Alikutazama miguu kabla ya kukutazama uso. Siku yangu ya kwanza hapa redioni alinitazama nikiingia, akaniambia kiatu changu cha kulia kinalika upande mmoja, basi nijifunze kusimama sawasawa. Salamu zilikuja baadaye.

Kila siku ya mbio alipanda kwenda uwanjani majani yakiwa bado na umande. Alishika fimbo ya marehemu baba yake. Aliichomeka ardhini hapa, akaichomeka pale, akaichomoa na kuitazama ncha. Ikitoka na tope, siku hiyo aliwasifu farasi wenye kwato pana. Ikitoka kavu, aliwasifu wepesi. Kisha alikwenda kusimama pale farasi wanapotembezwa, akawatazama wakipita. Wengine wote walitaka kuwaona farasi wakikimbia. Yeye alitaka kuwaona wakitembea. "Akitembea vibaya," alikuwa akisema, "sina haja ya kumwona akikimbia."

Je, alipatia kila mara? Hapana, wasikilizaji wapendwa, na hakuna sababu ya kumpamba kwa kuwa amekufa. Padri Lonergan aliweka dau kwa kumfuata yeye miaka mingi, na paa la kanisa mpaka leo linavuja. Lakini alipatia kuliko wengine, na alipokosea alisema kesho yake hapa hapa kwamba amekosea. Watu wakamwamini. Wenye farasi nao wakamwamini, na hao ndio wanaoamua farasi wao afunzwe na nani.

Sasa, Bi Dymphna alikuwa na kaka, Colman Tuohy, ambaye ni mfunza farasi. Mnamjua, zizi lake liko juu kilimani, baada ya daraja. Na Bi Dymphna alikuwa na sharti moja: hamtabirii ndugu yake. Alipofika kwa farasi wa Colman, alisema namba, akasema ni wa Colman, akanyamaza kidogo, kisha akaendelea na anayefuata. "Namba nne ni wa Colman." Basi. Hakumsifu, hakumponda.

Sharti hilo lina asili yake. Baba yao alikuwa na farasi jike mmoja tu. Mwaka mmoja aliwaapia majirani baa nzima kwamba jike huyo hashindiki, nao wakaweka dau juu yake. Alianguka kwenye kiunzi cha kwanza. Majirani walikuwa watu wema, hakuna aliyemlaumu mzee. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena chochote, si habari za farasi, si hata habari za mvua. Dymphna alikuwa msichana wa shule, na aliona baba yake akiketi baani bila mtu wa kumgeukia. Ndipo alipoamua kwamba farasi wa ndugu yake wa damu hatamtabiri kamwe.

Lakini mji wetu tunaujua. Mji wetu hauwezi kuacha kimya kikae kimya tu. Watu walianza kukisoma. Akinyamaza kwa muda mrefu, walisema farasi wa Colman ni moto. Akinyamaza kidogo, walisema ni mgonjwa. Mwaka mmoja Bi Dymphna alikuwa na mafua. Alisema, "Namba saba ni wa Colman," akapiga chafya. Kilbrannock yote ilikimbilia vibanda vya dau. Chafya ile, wasikilizaji wapendwa, ilichukuliwa kuwa ishara. Namba saba alifika wa mwisho, na wiki nzima watu waliingia dukani si kununua viatu, bali kumuuliza kwa nini alipiga chafya.

Hilo tulilicheka. Jingine halikuchekesha. Wenye farasi nao walikisoma kile kimya, nao walikisoma vibaya siku zote. Walisema: kama dada mtu hawezi kumsifu, lazima kuna analolijua. Wakaanza kumwondolea Colman farasi wao. Mmoja akaenda, mwingine akamfuata. Zizi lililokuwa limejaa likabaki na milango inayopigwa na upepo.

Colman alishuka mpaka dukani. Mazungumzo yale alinisimulia Gobnait, binti yake Colman, aliyekuwa akimsaidia shangazi yake pale dukani na aliyeyasikia yote.

"Sikuombi unidanganyie watu, dada," Colman alimwambia. "Nakuomba neno moja. Sema tu farasi wangu wanatunzwa vizuri."

"Nikisema hilo leo, kesho watataka nimtaje mshindi."

"Basi wataje wote. Kwako mimi ni nani, adui?"

"Wewe ni mtoto wa baba yangu," alisema Bi Dymphna. "Ndiyo maana."

Colman akatoka. Hawakusemezana tena kwa miaka. Misa walikuwa kanisa moja, benchi tofauti. Kila Jumamosi Bi Dymphna alioka mkate wa magadi, akampa Gobnait apeleke kilimani. Colman aliula mkate huo wote na hakutuma asante. Kitambaa kilichofungia mkate alikirudisha kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Gobnait anasema baba yake hajawahi kupiga pasi kitu kingine chochote maishani.

Vuli iliyopita Bi Dymphna aliugua. Daktari hakumficha, na yeye hakutuficha sisi. Alisema atasoma farasi wa siku ya Mtakatifu Stefano, siku inayofuata Krismasi, kisha hatarudi tena studio. Katika mbio kubwa za siku hiyo Colman alikuwa na farasi mmoja, jike wa kijivu aitwaye Chai ya Pili. Ndiye farasi pekee aliyebaki zizini. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa unasubiri jambo moja. Atasema, au atanyamaza mpaka kaburini?

Asubuhi ya siku ile hakuweza kupanda uwanjani. Gobnait alimpakia garini na fimbo yake, ampeleke studio. Walipovuka daraja, shangazi akamwambia asimame mbele ya geti la baba yake. Colman alikuwa uani, ameshika hatamu ya Chai ya Pili. Aliliona gari. Hakusalimia. Alimtoa jike mpaka barabarani, akamtembeza mbele ya gari, akamgeuza, akamrudisha. Kisha akafanya vilevile tena, taratibu, kama anavyofanya mbele ya waamuzi. Bi Dymphna akateremsha kioo.

"Mguu wa nyuma wa kushoto," alisema. "Anauvuta."

"Amezaliwa nao," alisema Colman. "Haumuumi."

"Naona haumuumi. Mrudishe ndani, baridi kali."

Ni hayo tu. Kioo kikapanda. Gobnait anasema alilazimika kungoja kidogo kabla ya kuondoa gari, kwa sababu haoni barabara.

Mlikuwa mnasikiliza siku ile, lakini nitayarudia maneno yake, maana ni ya mwisho aliyoyasema hewani. Alipita kwa namba moja, mbili, tatu, nne. Alipofika namba tano alisema hivi: "Namba tano, Chai ya Pili, wa kaka yangu Colman. Anavuta mguu wa nyuma wa kushoto. Leo hatashinda. Ila sijaona farasi aliyetunzwa vizuri kuliko huyu, na nimewatazama wengi." Kisha akanywa maji, akaendelea na namba sita.

Nanyi mkafanya nini? Mkasema, bibi anatuficha. Amesema hatashinda ili dau liwe tamu. Mkakimbilia vibandani tena. Chai ya Pili alifika wa nne. Mwanamke aliwaambia kwa lugha nyepesi kabisa kwamba hatashinda, naye hakushinda, na bado kuna watu walimnunia.

Nilimwona Colman jioni ile, akimfuta jike wake matope. Nilimpa pole. Alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. "Dada yangu ameiambia kaunti nzima kwamba nitashindwa," alisema. "Sijawahi kusifiwa namna hiyo."

Tangu siku hiyo alishuka kilimani kila siku, akaketi naye chumbani juu ya duka. Walizungumza kwato. Ndiye aliyekuwa naye Bi Dymphna alipofumba macho, na ndiye aliyebeba jeneza mbele, upande wa kushoto. Na wenye farasi, ambao husikia polepole, wamesikia. Leo kuna farasi kilimani ambao mwaka jana hawakuwapo.

Kwa Colman, kwa Gobnait na kwa ukoo wote wa Tuohy, pole sana kutoka kwetu sote hapa redioni. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkirudi nyumbani leo jioni, fikirini ni nani aliye karibu yenu anayengoja neno moja kutoka kwenu. Kama mnalo, mpeni angali anasikia.

Sasa farasi wa leo. Nimepanda uwanjani asubuhi na ile fimbo, Gobnait ameniazima. Imetoka na tope. Namba moja, Mwana wa Fundi Saa, ni mwepesi mno kwa ardhi hii, mwacheni. Namba mbili, Ukungu wa Jumanne, ana kwato pana na anatembea vizuri, huyo ndiye wangu. Namba tatu ana rangi nzuri. Namba nne na namba tano watafika, sijui saa ngapi.

Kuhusu namba sita, Colman alinipigia simu jana. Nilidhani anataka nimsifu. Alisema hapana. Alisema neno lake ameshapewa, na leo anaomba nisome kama dada yake alivyokuwa akisoma.

Namba sita ni wa Colman.