Mshono wa Nane: Habari za Fundi wa Midundo Tuliyempokonya Jina

Ndugu zetu, majirani, na nyinyi vijana wa muziki mliosimama kule nyuma na miwani yenu nyeusi, wenye viti wakae, wasio na viti wasogee kivulini, hizi ni habari za marehemu kama familia ilivyozipanga, zinasomwa na kaka yake mkubwa, dereva wa malori, ambaye hakuna barabara isiyomjua, na zimeandikwa na binti wa marehemu, ambaye kila kaka mtu alipotaja mia yeye aliandika kumi, kwa hiyo mkisikia idadi ndogo mjue si kosa la msomaji.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Julai 1985, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha duka la mama yake, fundi cherehani, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, mwenye uzito wa kilo tano na nusu, hapa binti ameandika tatu na nusu, hata mkunga aliomba kiti. Kitanda chake cha kwanza kilikuwa kapu la vipande vya vitambaa miguuni pa mama, na kilichombembeleza ni cherehani ileile ya kukanyaga kwa mguu, ambayo ina ugonjwa wake mnaoujua wateja wote, inapiga mishono saba sawasawa, wa nane inauruka, inavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi, kisha inaendelea. Mafundi mia wameshindwa kuitibu, binti ameandika watano.

Baba yao alifariki tarehe 2 Machi 1991, marehemu akiwa na miaka mitano, na kaka mtu, ambaye alikuwa ameshaachana na shule darasa la tatu kwa makubaliano ya pande zote mbili, akaingia kwenye malori kama utingo ili mdogo wake asikose daftari, na kweli hakukosa, alisoma shule ya msingi kuanzia 1992 hadi 1998, sekondari kuanzia 1999 hadi 2002, kisha akasomea ufundi umeme miaka miwili, akapata cheti chake tarehe 26 Novemba 2004. Kaka mtu alikitundika cheti kile ukutani siku hiyohiyo, kikakaa kichwa chini miguu juu, watu wakacheka wakidhani ni utani, naye akacheka nao.

Mwezi wa Januari 2005 aliajiriwa katika karakana ya kutengeneza redio, na kufikia 2007 alikuwa anapiga muziki kwenye kumbi za harusi kwa spika alizozifufua mwenyewe, akajiita DJ Mshono kwa heshima ya mama. Tarehe 15 Novemba 2008 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, ambaye alimkubali, kwa maneno ya bibi harusi mwenyewe, kwa sababu ndiye mwanaume pekee aliyeweza kukaa saa nzima bila kujisifu, na waliposikia hivyo watu wote walimgeukia kaka mtu. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 4 Oktoba 2009 na mvulana aliyezaliwa tarehe 21 Mei 2013.

Aprili 2010 alikutana na kijana mwenye mabega mapana na meno mazuri, wakashikamana hadi watu wakamwita kijana yule Pacha, na Pacha anatusikia, tumemwona akishuka kwenye gari. Kazi waligawana, marehemu alitengeneza muziki kwenye kompyuta, ule muziki wa mdundo na umeme usio na maneno ambao humwinua hata mwenye goti bovu, na Pacha alisimama mbele akainua mikono. Kaka mtu alijiteua kuwa meneja, maana hakuna aliyejua kugombana na wenye kumbi kama yeye, na marehemu alikubali kwa moyo mweupe, kwa kuwa alikuwa na tabia moja ya kazi, akishavaa hedifoni masikioni, karatasi zote za dunia hii ni za kaka.

Mwezi wa Machi 2014 alifunga maikrofoni kwenye mpini wa ufagio kwa utepe wa kupimia nguo, akamwomba mama akanyage cherehani, mama akauliza ashone nini, akaambiwa asishone kitu, akanyage tu, mama akalalamika kwamba miguu yake haijawahi kufanya kazi ya bure, lakini akakanyaga, dakika arobaini. Marehemu alifanya kazi miezi mitano katika chumba kisicho na dirisha nyumbani kwa kaka yake, madumu ya maji yakiwa ndiyo viti, akaitoa sauti ile ikiwa mdundo mzima, mapigo saba, pumzi moja, mapigo saba, pumzi moja, na wimbo akauita "Mguu wa Mama". Kaka mtu aliujaribu kwenye redio ya lori akiwa foleni, madereva wa malori arobaini wakashuka kucheza, binti ameandika wanne, lakini walishuka.

Tarehe 22 Agosti 2014, saa tisa alasiri, Pacha alileta karatasi nne zilizobanwa pamoja, akasema ni za kuuandikisha wimbo, gari linasubiri nje. Marehemu alikuwa na hedifoni masikioni, akamnyooshea kaka yake mkono bila kugeuka, kaka akazipokea karatasi, akazifunua moja baada ya nyingine bila haraka, akatikisa kichwa kwenye ya pili, akaguna kwenye ya tatu, akamgusa mdogo wake bega na kumwambia, "Nimesoma, iko sawa, weka sahihi." Marehemu aliweka sahihi juu ya spika, na kaka akaweka ya kwake kama shahidi.

Januari 2015 marehemu alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, aliposikia wimbo wake redioni ukiwa na jina jingine, na Pacha akihojiwa, akieleza kwamba mdundo ule aliutoa kwenye treni iliyokuwa ikipita karibu na kwao utotoni. Alitoka na nusu ya nywele hadi nyumbani, mkewe akamsomea nakala ya karatasi zile, na ukurasa wa tatu ulisema kwamba wimbo na sauti zote zilizomo ni kazi ya Pacha peke yake, na kwamba marehemu alikuwa fundi wa kuwasha mitambo. Mama alipoelezwa alisimamisha cherehani, akasema, "Yaani huyo mtoto nimemshonea mashati, leo ananipitishia reli miguuni." Tangu siku hiyo hakuna fundi aliyeruhusiwa kuigusa cherehani ile.

Marehemu hakugombana na mtu. Alihamisha vifaa vyake kutoka nyumbani kwa kaka yake, akarudi kwenye karakana ya redio, na kwa miaka tisa ndugu wawili waliongea habari za mvua na bei ya matairi tu. Aliamini jambo moja, na hakuna aliyemlaumu kwa kuliamini, kwamba kaka yake aliuona ukurasa wa tatu, na akanyamaza kwa sababu alishaelewana na Pacha.

Tarehe 11 Juni 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, na kaka mtu alimpeleka kwa lori, akimshusha mlangoni taratibu kama mzigo wa vioo. Tarehe 30 Agosti 2024, wodini, kitanda cha sita, mbele ya wagonjwa wengine na muuguzi aliyekuwa anabadilisha dripu, marehemu aliuliza kwa mara ya kwanza na ya mwisho, "Kaka, ile mistari uliiona?" Na kaka akamjibu, "Niliiona." Marehemu akageukia ukutani. Alifariki tarehe 3 Septemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Kaka huyo ni mimi. Sikuiona mistari, ndugu zangu, kwa sababu sijui kusoma, alama za barabarani nazijua kwa rangi na umbo, na karatasi hii niliyoishika nimesomewa na binti mara thelathini mpaka nikaikariri, na safari hii idadi ni hiyohiyo, aandike atakavyo. Ningemwambia, angekufa akijua kaka yake ni mjinga. Niliona aibu, nikamwacha afe akijua nimemuuza. Pacha alimwibia wimbo, mimi nilimwibia kaka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, mafundi wa karakana ya redio waliomfanyia zamu zake bila kuombwa, majirani walioleta viti na maturubai, na ma-DJ wote mliofunga kazi leo. Pacha, tumeziona spika zako nane, tumesikia kwamba ungependa kuupiga wimbo wako kwa heshima ya marehemu, spika zibaki zimefunikwa, na wewe kaa tu, hakuna atakayekufukuza. Cherehani imetolewa hapo barazani, na jeneza litakapoinuliwa mama ataikanyaga. Hesabuni naye kimyakimya, mkifika pigo la nane mtasikia pumzi, kisha kila mtu aseme mwenyewe kama hiyo ni treni.

Mdogo wangu, swali lako la wodini jibu lake ni hapana, sikuiona. Sasa geuka kutoka ukutani, upumzike kwa amani.