Gauni la Manjano

Kinyozi alikaa nyuma ya wanawake wawili ndani ya treni, akasikiliza bila kugeuza shingo, kama kazi yake ilivyomzoesha.

“Nimefeli, mama,” mwanafunzi wa sanaa alimwambia mama wa makamo aliyekaa naye. “Kwenye mtihani nimeandika kurasa nzima juu ya huzuni ya gauni la manjano katika mchoro tuliosomeshwa. Mtahini wa nje ya chuo kasema kwenye mchoro halisi gauni ni jeupe. Kumbe projekta yetu ya kuonyeshea picha darasani imezeeka, kila picha inaitia manjano.”

Kinyozi alitaka kucheka, akaona kichogo cha binti kimeinama, akakimeza kicheko.

“Mwalimu wenu hakuwaambia, mwanangu?”

“Huzuni hiyo katufundisha yeye. Naye hajawahi kuuona mchoro wenyewe.”

“Sasa mwalimu alisemaje ulipomwambia?”

Treni ilifunga breki.

“Aliniuliza polepole, mama, ‘Jeupe kabisa?’”