Madam Drateru na Kundi la Kungoja

Tarehe 27 Novemba 1998, Madam Viktoria Drateru atafunga kwa mara ya mwisho mlango wa chumba cha saikolojia cha chuo chetu cha ualimu hapa Arua. Amekuwa nasi tangu mwaka 1976, ukiondoa miaka ya ukimbizini, ambayo yeye mwenyewe huihesabu kuwa miaka ya kazi. Ukimaliza kusoma wasifu huu utaona kwa nini hatumbishii.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha walimu wanafunzi jinsi ya kufanya majaribio: kujua kama njia fulani ya kufundisha inafaa kweli, au ni sisi tu tunaoipenda. Ukimwambia kwamba maharagwe ya leo ni matamu, anakuuliza, "Kuliko gani?" Siku moja walimu tulilalamika kwamba chai imepunguzwa sukari. Akamwomba Celestina, mpishi wetu, amimine chai ya sufuria moja katika mabirika mawili. Sote tuliapa kwamba ya birika la bluu ndiyo tamu, na aliyepiga meza kwa hakika ni mimi. Madam alicheka mpaka akavua miwani.

Mapema mwaka 1979 alianza jaribio lake mwenyewe, ambalo lingempatia shahada. Katika shule moja ya msingi huko Koboko, watoto wa darasa la kwanza walichota vifuniko vya soda kwenye kopo bila kuangalia. Waliopata vyekundu walijifunza herufi kwa kuzichora mchangani kwa kidole. Waliopata vyeupe waliendelea kukariri ubaoni, ili pawe na cha kulinganisha, na wakaahidiwa kwamba zamu yao ya mchanga ingefika. Hao aliwaita kundi la kungoja.

Mzee Sulaiti, mwenye duka jirani, aliona mjukuu wake ameonewa na kifuniko cheupe. Akaja na jogoo aliyefungwa miguu. "Madam, kamata hii kuku, peleka mutoto kwa mchanga." Jogoo alirudi dukani akiwa hai, lakini jina lake lilibaki kwetu. Tangu hapo, upendeleo wowote unaoharibu jaribio huitwa jogoo chuoni hapa. Mwaka juzi mtahini kutoka nje alituuliza, kwa heshima kubwa, kwa nini wanafunzi wetu wote wameandika habari za kuku.

Mwaka huohuo wa 1979 vita vikatufikia. Watu wa Koboko walipita Oraba kwa miguu wakavuka mpaka, na Madam akavuka nao. Katika kambi ya wakimbizi, chini ya turubai, aliwakuta wengi wa watoto wake, wa vifuniko vyekundu na vyeupe, na akaanza tena kufundisha. Jaribio lilikuwa bado hai. Alihitaji tu wekundu wamalize herufi zao na weupe waendelee kungoja hadi mvua ziishe, kisha awapime wote. Ndipo mtoto mmoja wa kifuniko cheupe, Rosa Kiden, alipomshika sketi akamwuliza, "Madam, zamu ya sisi iko?"

Madam alitusimulia kwamba siku ile hakula. Aliitaka shahada ile kwa moyo wake wote, na hajawahi kuficha. Kesho yake asubuhi alimwaga mchanga mbele ya watoto wote. Hapo hapakuwa tena na kundi la kulinganisha, na jaribio likafa.

Tuliporudi nyumbani miaka ya themanini, wadogo zake kazini walipanda vyeo, yeye, bila shahada, akabaki palepale. Ilimuuma, nasi tuliumia kumwona. Hata hivyo kila mwaka, akifika kwenye somo la makundi, aliweka kopo la vifuniko mezani akawaambia wanafunzi, "Kundi ya kungoja pia iko watu." Yeyote aliyepanga jaribio bila kusema zamu ya wanaongoja itafika lini, alirudishiwa karatasi yake akaanze upya.

Je, mchanga ni bora kuliko ubao? Madam hajui mpaka leo, na hukwambia hivyo bila haya. Rosa Kiden alijua kusoma, lakini huenda angejua tu hata bila mchanga. Tunachojua ni kwamba leo Rosa anafundisha darasa la kwanza Koboko. Atakuwepo kwenye sherehe ya kumwaga Madam anapostaafu. Tulimpa nafasi ya kuzungumza wa kwanza, akaomba awe wa mwisho. Anasema kungoja hakumsumbui, maana Madam akisema zamu yako iko, iko.

Madam, asante. Asante kwa wanafunzi wako, kwa mabirika mawili, na kwa mchanga ule. Tunakutakia siku njema nyumbani Kuluva. Na ukituuliza, njema kuliko gani? Kuliko zetu hapa, bila wewe.

Kasimiro Lokule, kwa niaba ya walimu wenzako