Chumvi Iliyokaa Ng'ambo ya Malagarasi

Bwana asifiwe, ninyi nyote mliokula chumvi leo asubuhi! Mimi ni Mama Ester, wa upande huu wa Kibondo, na nimesimama kumshukuru Mungu aliyeniokoa na aibu mbele ya wakwe.

Ndugu zangu, mnaikumbuka masika ile mto Malagarasi ulipofunika daraja. Malori ya kutoka Kasulu yakakoma. Dukani sabuni ikaisha, mafuta ya taa yakaisha, mwisho chumvi nayo ikaisha. Mahindi na maharage yetu yakaota ukungu ghalani, hakuna wa kuyabeba. Mwenye duka, Bwana Saidi, akabaki anatugawia salamu tu. Kijiko cha chumvi ukikipata kwa jirani, unatoa kuku, tena anayetaga.

Na mimi nilikuwa ninamwoza binti yangu Ester! Harusi tulikwisha kuiahirisha kwa sababu ya mvua. Mzee Filipo wa Kasulu, baba wa bwana harusi, akatuma neno: siku ikipita tena, basi Mungu hataki, ng'ombe wake warudi. Ester akakonda kwa kulia. Nami niliogopa yale maharage ya chukuchuku, yasiyo na chumvi, maana kwetu mkwe halalamikii chakula. Hula, hunyamaza, kisha hukusema mpaka uzeeni.

Nikafunga, nikaomba: "Bwana, lete lori la chumvi mpaka Malagarasi."

Bwana akajibu vilevile nilivyomwomba. Asubuhi ya harusi tukasikia lori la chumvi ya Uvinza limefika mtoni, upande wa Kasulu. Na juu ya magunia wamekaa wakwe zangu, wana njaa, kwa kuwa mabasi hayakuwepo.

Tukajitwisha vyungu vya maharage, kwaya nzima, hadi mtoni. Wavuvi wakaenda na mtumbwi kuwachukua wageni. Wakarudi na neno la Mzee Filipo: "Mwambieni mkwe, kwenye gogo hilo siingii."

Haya. Nikavusha chungu. Mzee akaonja, akanyamaza kama desturi inavyotaka. Lakini hapo hakuwa kwangu, alikuwa amekalia gunia. Akachota chumvi kwa mkono wake mwenyewe, akakoroga, akala mpaka akakwangua chungu.

Akapata nguvu. Akapanda mtumbwi macho ameyafumba, amekumbatia gunia la chumvi hataki kuliachia. Mchungaji akafungisha ndoa palepale kwenye matope, na kijiji kizima kikala chakula chenye ladha.

Mpaka leo Mzee Filipo husema, "Mama Ester, maharage ya siku ile yalikolea sawasawa." Nami hujibu, "Ni Bwana, mkwe."

Mwaminini, ndugu zangu. Anasikia, anajibu. Ila ukimwomba lori, mtajie na ng'ambo.