Ncha ya Pili ya Kamba

Assalaam alaykum, mashehe, wazee wangu, ndugu zangu wa Mikadini, na mama zetu mlioko uani. Hitima imekwisha, dua tumeitikia, ubwabwa uko jikoni, lakini kabla hamjanawa mikono naomba mnisikilize, kwa kuwa najua si ada yetu siye kusomeana karatasi msibani, ila marehemu ndivyo alivyousia, alisema karatasi ndiyo iliyomdhulumu na karatasi ndiyo itakayomtetea. Mimi ni Jecha Mjaka, mdogo wake wa tumbo moja, na atakayekereka kwa nitakayoyasoma basi na akereke, nimekuja nikilijua hilo.

Marehemu Kificho Mjaka Jecha alizaliwa Mikadini, pwani ya kaskazini ya kisiwa chetu, siku ya Maulidi, mwezi kumi na mbili Mfunguo Sita, ambayo kwa hesabu ya serikali ni tarehe 8 Juni 1903, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mjaka Jecha na Bi Mwatima Jaribu. Nasema Mikadini na nitaitaja tena na tena mpaka mchoke, kwa sababu ipo ramani ya serikali yenye kila mto na kila jabali la kisiwa hiki, na jina hilo ndani yake halimo.

Alisoma chuo kwa Maalim Thabit hapo hapo kijijini, akahitimu Kur'ani mwaka 1914, kisha akapelekwa skuli mjini Wete kuanzia 1915 hadi 1919, akikaa kwa shangazi yetu. Alipenda kupima tangu mdogo, alikuwa akihesabu hatua kutoka msikitini hadi kisimani, akapata mia na kumi na mbili, na Maalim aliposema ni mia tu alibishana naye mpaka akachapwa, na baada ya kuchapwa akarudi kuhesabu, akapata mia na kumi na mbili vilevile. Mtu huyo ndiye mliyemwita mwongo, nitafika huko.

Tarehe 3 Machi 1921 aliajiriwa serikalini kuwa mshika mnyororo katika kazi ya kuchora ramani ya Pemba. Kwa wasioijua kazi hiyo, ni mnyororo wa chuma wa futi sitini na sita, una ncha mbili, mmoja hushika ya mbele na mwingine ya nyuma, wakauvuta ukanyooka, wakapiga kigingi, wakasogea, na hivyo hivyo kutoka Kisiwa Panza mpaka huku Konde, kwenye mikoko, kwenye miiba, kwenye mashamba yenye mbwa, miaka na miaka. Mzungu husimama na darubini yake chini ya mwavuli, akaandika. Ncha ya mbele alishika Kificho, ya nyuma alishika rafiki yake Bwana Mbarouk, ambaye yuko nasi leo, na Bwana Mbarouk ni shahidi wangu kwamba kaka yangu alikataa kupima adhuhuri, kwa sababu chuma hurefuka juani, na akiona kosa la shubiri moja hurudi nyuma maili nzima, wenzake wakamnunia.

Tarehe 10 Disemba 1926 alimwoa Bi Mwanamize Matano, hapa hapa pwani, wakajaaliwa watoto watatu, Jaribu aliyezaliwa 1928, Mwatima aliyezaliwa 1930, na mmoja aliyefariki siku ya saba, wa mwaka 1933, ambaye amezikwa Mikadini.

Sasa nafika kwenye donda. Tarehe 19 Septemba 1931 wapimaji walifika Mikadini, na mwaka ule karafuu zilizaa hasa, kijiji kizima tulikuwa dago, tumepiga kambi katika mashamba tukichuma, kama tulivyofanya sisi na baba zetu kila msimu mkubwa. Nyote mnajua mtu wa Mikadini anavyokwenda dago. Haachi mlango, kwa kuwa mbao ni mali, huung'oa akaubeba kichwani, akautia kwenye kibanda chake cha kambini. Mikeka ya msikiti hukunjwa ikachukuliwa ili mchwa wasiile, kisima hufunikwa kwa jiwe na makuti ili kisiingie uchafu, na kuku wote huenda nasi. Yaani tulikitunza kijiji chetu kama mtu anavyotunza nguo yake ya Idi. Yule Bwana Mzungu mwenye darubini akaja akaona nyumba thelathini na nne hazina milango, msikiti hauna mkeka, kisima kimezibwa, akaandika neno moja, mahame.

Kificho akamwambia, na Bwana Mbarouk alikuwa akisikia, kwamba Bwana, hapa ni kwetu, nyumba ile ya tatu ni ya mama yangu, watu wako dago, watarudi mwezi wa Januari na milango yao. Na yule Bwana alielewa, msije mkadhani hakuelewa, Kiswahili alikijua, akajibu kwamba ramani huandika kinachoonekana siku ya kupimwa, wala haiandiki habari za kuambiwa. Vyema. Lakini katika ramani hiyo hiyo, ilipochapishwa mwaka 1933, pale juu ya kilima ilichorwa nyumba ya mapumziko ya maofisa, yenye baraza na njia ya gari, nyumba ambayo siku ile haikuwepo, haikuwepo mwaka uliofuata, na hadi leo ninaposoma pana nyasi tupu na mbuzi wa Mzee Duni. Nyumba yao ambayo haijajengwa ilionekana, nyumba zetu ambazo tumezaliwa ndani yake hazikuonekana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, naye mgeni alikuja kweli, na wenyeji ndio tuliougua.

Mwezi wa Aprili 1935 mama yetu Bi Mwatima alifariki, tukamzika Mikadini, na namshukuru Mungu hakuyaona yaliyofuata. Tarehe 20 Januari 1936 lilibandikwa tangazo kwamba pwani ile na mikoko yake yote ni msitu wa serikali, na sisi tuliomo ni wavamizi tulioingia katika mahame baada ya kupimwa. Wavamizi, siye, kwa makaburi ya babu zetu. Tukapeleka malalamiko, wakubwa wakatuambia dua la kuku halimpati mwewe, hatukusikia, tukaenda mahakamani.

Kesi ilisikilizwa tarehe 11 Mei 1937, na ushahidi wa serikali ulikuwa ramani ile moja, ikatandikwa mezani. Wakamwita Kificho, akashika Msahafu akaapa, hakimu akamwuliza kama vipimo vya ramani hii ni sahihi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya Mzee Duni, nilimwona kaka yangu anavyoitazama, ilikuwa ni miaka yake yote ile, miguu yake, mgongo wake, na alikuwa amekwisha kuapa. Akasema vipimo ni sahihi, Bwana Hakimu, futi kwa futi, mnyororo niliushika mwenyewe, lakini. Na hapo penye lakini hakimu akainua mkono, akasema inatosha, akamshusha. Neno lililobaki alitoka nalo mdomoni mpaka nje.

Tulishindwa. Mwezi wa Julai nyumba zilibomolewa, tukaja kujenga huku Konde katika kipande tulichopewa shambani. Na nyinyi, ndugu zangu, na hapa ndipo atakayekereka akereke, mlisema Kificho katuuza. Hamkuwa na jeuri ya kumsema hakimu, hamkuwa na jeuri ya kumsema Mzungu, mkamwona Kificho ndiye saizi yenu. Mlimtemea mate njiani, mlimhama safu msikitini, harusi zenu hamkumwalika, na binti yake alipoposwa mkaenda kwa wakwe kutia fitina. Mtu aliyeapa kwa kitabu cha Mungu mlitaka aseme uongo, kisha mkamwita mwongo. Yeye aliandika barua ofisini kwake kumalizia lile neno alilokatizwa, akaeleza habari ya dago na milango, na jibu lake lilikuja tarehe 2 Februari 1938, kafukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu, miaka kumi na saba ya utumishi ikaishia kwenye mistari minne.

Kuanzia hapo hadi mwaka jana, marehemu alikuwa akienda Mikadini kuipima upya. Mnyororo hakuwa nao, alisokota kamba ya makumbi, akaifunga fundo kila pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Lakini kamba nayo ina ncha mbili, na mtu mmoja hawezi. Bwana Mbarouk alikuwa bado kazini serikalini, basi Kificho alikwenda nyumba hadi nyumba akiomba mwanamume mmoja amshikie ncha ya pili, mmoja tu, na hakumpata. Alikuja kwangu pia, siku ya Idi, akasimama mlangoni na kamba yake begani, nami nikamwambia kaka, usinitafutie balaa, nina watoto. Hayo nimeyasema mwenyewe kwa mdomo huu, sitafuti wa kumsingizia. Ncha ya pili alishika mkewe, Bi Mwanamize, miaka minane, akiwa na buibui lake limefungwa kiunoni, akikanyaga miba na matope, na wanawake wenzake wakimcheka kwamba kawa mshika kamba. Vicheko hivyo mlivicheka na mnajijua.

Matokeo ya kazi ile ni kitambaa hiki cha marekani mnachokiona ukutani. Kina nyumba thelathini na nne, kila moja na jina la mwenyewe, kina msikiti, kisima, njia ya pwani na makaburi sitini na tisa. Nyumba ya Mzee Duni aliyemtemea mate imo, imechorwa vizuri kuliko zote. Nyumba yangu imo.

Maradhi yalimwanza mwezi wa Mei mwaka huu, kifua na kuvimba miguu, akalazwa Wete wiki tatu, akarudi nyumbani, na tarehe 9 Novemba 1947, saa nne ya asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, alifariki mkononi mwa mkewe. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tunamshukuru daktari wa Wete na wauguzi wake, waliomhudumia kama mtu wao. Tunamshukuru Bwana Amur bin Nasor, mwenye shamba, aliyetupa pa kujenga na aliyetoa sanda. Tunawashukuru majirani wa Konde, ambao hawakuwa na deni lolote kwetu na waliomtembelea kuliko jamaa zake. Kati ya wafanyakazi wenzake tunamshukuru Bwana Mbarouk, basi, ofisi haikuleta hata pole. Na tunamshukuru mlinzi mmoja wa msitu, ambaye sitamtaja jina, aliyesimama mbele ya jeneza juzi pale njia panda, akatuuliza kibali cha kuzika, akaona hatuna, akavua kofia akageukia upande wa pili.

Sasa jambo la mwisho. Kesho asubuhi mimi na Bwana Mbarouk tunakipeleka kitambaa hiki ofisini, na kikikataliwa tutakipeleka Unguja. Jikoni nimekwisha kusema, sahani haitatoka hata moja mpaka kila nyumba katika zile thelathini na nne itie kidole gumba chini ya jina lake. Wino huu hapa. Mzee Duni, utaanza weye.

Na wewe, kaka. Ulipoyachora makaburi uliacha nafasi ubavuni mwa mama, ukaandika kwa penseli, pima arobaini na moja kutoka mdomo wa kisima. Juzi tulipokuwa tunakutoa nyumbani, Bi Mwanamize alinifuata mpaka kizingitini na ile kamba, akanitia ncha yake mkononi, akasema shika weye sasa, mimi nimechoka. Niliishika kisimani, Bwana Mbarouk akaivuta mpaka kaburini. Pima arobaini na moja, haikuzidi, haikupungua. Lala kwa amani, Kificho, uko Mikadini.